Je, Kosa la Tabibu Ndilo Lililoua?

Jamaa waliofiwa hospitalini hutuuliza: daktari alikosea na mgonjwa wetu amekufa, je, hatuna haki? Haki ipo. Lakini kuthibitisha kosa ni nusu ya kazi. Nusu iliyo nzito zaidi ni kuthibitisha kwamba kosa hilo ndilo lililoleta kifo.

Tukumbuke Novemba 2007, katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili. Wagonjwa wawili wenye jina moja la kwanza walibadilishwa: wa goti akafunguliwa fuvu, wa uvimbe kichwani akapasuliwa goti. Huyu wa pili alifariki. Kosa halikuhitaji shahidi. Hata hivyo sheria ingeuliza: lau angepasuliwa kichwa siku ile, angeishi?

Swali hilo lilimwangusha mjane mmoja huko London. Mumewe, mlinzi wa usiku, alikunywa chai yenye sumu. Daktari wa zamu hakutoka kumwona, akaagiza aende nyumbani. Mahakama ilikiri uzembe, lakini ikamnyima fidia, kwani dawa isingewahi kumwokoa.

Mafaqihi nao walitenganisha mtendaji wa moja kwa moja na msababishaji. Wa kwanza hudhamini hata asipokusudia. Wa pili hudhamini pale tu alipovuka mpaka. Anayemchelewesha mgonjwa ni wa fungu hili la pili, na ndiye mgumu kumpata.

Sasa tuchukue mfano wa mzazi wa Mbingu anayetokwa damu, akakawizwa kituoni kabla ya kupewa rufaa ya Ifakara, nayo ni masika. Watetezi watasema: kilichoua ni barabara, au mitishamba ya nyumbani. Jibu limo katika saa: alifika lini, barua ya rufaa iliandikwa lini, gari liliondoka lini. Kisha daktari bingwa aeleze kama, kwa uwezekano ulio mkubwa zaidi, angepona. Haihitajiki kuondoa kila shaka kama katika kesi ya jinai.

Hapa ndipo familia zetu hukwama. Tunazika siku ile ile, nalo ni jambo jema, lakini uchunguzi wa maiti tunaukataa kwa hasira, ilhali wanazuoni wengi wa zama hizi wameuruhusu haki isipodhihirika bila huo. Mwezi ukipita, mdai amebaki na machozi na kadi ya kliniki.

Malalamiko juu ya daktari hupelekwa Baraza la Madaktari Tanganyika. Madai ya fidia yana muda wa miaka 3, na ikiwa hospitali ni ya serikali, notisi ya siku 90 hutangulia.