Majivu Yamo Tayari Ndani ya Mfuko

Giakanja, nje kidogo ya mji wa Nyeri, udongo mwekundu ni neema kwa mkulima. Anayefyatua matofali ya udongo na saruji huutazama kwa jicho jingine, maana udongo mfinyanzi ni mlafi wa saruji.

Ulafi huo hupimwa kwa sanduku la mbao la urefu wa sentimita 60, upana na kina sentimita 4. Hujazwa udongo uliolowa, ukaachwa ukauke, kisha ukasukumwa upande mmoja na pengo likapimwa. Likiwa chini ya milimita 12, sehemu moja ya saruji hutosha sehemu 18 za udongo. Likifika milimita 40 hadi 50, ni moja kwa 12. Saruji imeongezeka kwa nusu nzima, na faida imekwenda nayo.

India na Afrika Kusini hupunguza gharama hiyo kwa majivu ya mitambo ya umeme wa makaa ya mawe. Majivu hayo hukutana na chokaa inayotolewa na saruji, yakaganda polepole. Kenya haina mtambo kama huo: ule wa Lamu, megawati 1,050, ulifutiwa leseni ya mazingira mwaka 2019. Kuyaagiza kwa meli, kisha kwa lori hadi Nyeri, ni kulipia taka nauli ya bidhaa.

Tena fundi hununua majivu kila siku. Saruji ya daraja la 32.5 inayojaa madukani kwa kawaida husagwa na pozolana, yaani majivu ya volkano, yafanyayo kazi ileile. Ukiongeza majivu mengine, chokaa iliyomo imekwisha pata mwenyewe. Maganda ya mpunga ya Mwea yana silika tele, lakini yakiunguzwa ovyo kwa moto mkali majivu yake huwa mazito kufanya kazi.

Pesa iko kwenye kuujua udongo. Katika bwawa la Sasumua, upande wa pili wa Aberdare, vipimo vya maabara viliukosea heshima udongo mwekundu. Mwaka 1958 mhandisi wa udongo Karl Terzaghi alieleza kwamba chembe zake zimeshikana katika vibonge vigumu, hivyo haufanyi kazi kama mfinyanzi wa kawaida. Kwa hiyo sanduku kwanza, mchanga kidogo ukihitajika, saruji mwisho. Udongo mweusi wa Mwea ni kesi nyingine: huo unataka chokaa.