Singeli na Ngoma Zetu

Huku Masasi na Newala, kila mwaka korosho zikishauzwa, spika kubwa hupangwa uwanjani na vijana hukesha wakicheza singeli. Wazazi wengi husema, "Hizo ni kelele tu." Lakini kabla ya kuhukumu, yafaa tulijue jambo lenyewe.

Singeli ilizaliwa Dar es Salaam, katika mitaa kama Manzese na Tandale, nayo ina damu ya mchiriku na taarabu. Mapigo yake hufika 200 hata 300 kwa dakika moja, hali moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga 60 hadi 100 tu. Tena haihitaji bendi kubwa. Sisso na Maiko ni watu wawili tu na mashine zao. Mwaka 2024 walitoa albamu iitwayo Singeli Ya Maajabu. Muziki huu umevuka bahari, na Wazungu huucheza katika matamasha yao ya kiangazi.

Mlango mmoja wa safari hiyo ulikuwa Jinja, Uganda, kwenye tamasha la Nyege Nyege lililoanza mwaka 2015. Kwa Kiganda jina hilo ni hamu ya kucheza isiyozuilika. Kwa Kiswahili halitajwi mbele ya wakwe. Mwaka 2018 waziri wa maadili, Simon Lokodo, alilipiga marufuku, kisha likaruhusiwa.

Basi, tupige marufuku na sisi? Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1963, ulifundisha kwamba muziki wa kila taifa upewe heshima yake. Sindimba yetu nayo ilisemwa vibaya kwa sababu ya viuno, lakini baada ya Uhuru ilichezwa mbele ya taifa zima. Mashine si dhambi. Dhambi ni maneno machafu yanayotiwa ndani yake, na binti wa miaka 13 kuachwa uwanjani usiku wa manane pasipo mtu wa kumwangalia.

Liko na jambo la pili. Kijana atajuaje sindimba, ikiwa mzee ajuaye kuzipiga ngoma zile amekaa barazani akinung'unika? Akifa mzee huyo, mikono yake yaenda naye kaburini.

Kwa hiyo, baba na mama, kabla ya msimu huu iteni jumuiya yenu, wazee kwa vijana. Patanani hivi: mchana ngoma zipigwe, na kila mpigaji amkalishe mvulana mmoja kando yake, vijana wazirekodi kwa simu, wazitie katika mashine zao wakipenda. Jioni singeli ipigwe, kwa saa mliyokubaliana, bila matusi. Watoto wa shule warudi nyumbani mapema. Nanyi wazazi kaeni pale pale uwanjani mpaka spika zizimwe.