Ngozi ikiungua na jua: la kufanya nyumbani

Mji wa Muyinga uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Upepo ni baridi, kwa hiyo mtu anayelima au kungoja posho hatambui kwamba jua linamchoma. Watoto wachanga na watu wenye ualbino huungua haraka zaidi.

Fanya hivi
- Ingia kivulini.
- Weka kitambaa safi kilicholowa maji baridi kwa dakika 10 hadi 15. Rudia mara kadhaa kwa siku.
- Kunywa maji safi mengi. Mtoto mchanga anyonyeshwe mara nyingi.

Usifanye hivi
- Usipake mawese wala siagi: mafuta huzuia joto kutoka. Dawa ya meno huwasha.
- Usitoboe malengelenge; ngozi hiyo huzuia vijidudu.

Nenda kituo cha afya
Ukiona malengelenge mengi, homa, kutapika au usaha, au aliyeungua ni mtoto mchanga. Mwenye ualbino akiwa na kidonda kisichopona kwa wiki 3, aende hata kama hakiumi. Huenda ni saratani ya ngozi, nayo ikigunduliwa mapema hutibika.

Kinga ni kofia pana, nguo ya mikono mirefu na kivuli saa za mchana.