Je, Wajua? Karafuu, uwatu na mafuta ya taa ndani ya glasi ya mvinyo

Sogea benchini, kaa. Leo tunafungua chupa: mpya za juzijuzi, na kongwe zilizozibwa kabla babu wa babu yako hajazaliwa. Na wewe usiyeonja kabisa, usiondoke. Maajabu hayalevyi.

Tuanze na ulimi wako mwenyewe. Je, wajua kwamba unatambua ladha tano tu? Utamu, uchachu, uchungu, chumvi, na ule unono wa supu ya mifupa. Mengine yote unayodai umeyaonja, umeyanusa. Unabisha? Fumba macho, bana pua, mtu akulishe peremende ya chungwa na ya nanasi. Hutajua ipi ni ipi mpaka uachie pua!

Sasa shika hili. Mvinyo mwekundu uliokaa kwenye pipa la mwaloni mara nyingi hunukia karafuu, na hakuna aliyetia karafuu humo. Ubao wenyewe wa pipa una eujenoli, kitu kilekile kinachoipa karafuu ya Pemba harufu yake. Na vanila je? Nayo imo ubaoni! Fundi wa mapipa huzibabua mbao kwa moto kwa ndani, harufu zikaamka.

Pilipili manga nayo ipo. Mwaka 2008 watafiti wa Australia walitangaza kwamba harufu ya pilipili kwenye mvinyo wa Syrah inatokana na rotundoni, ileile iliyomo kwenye punje za pilipili manga jikoni kwako. Hapa ndipo patamu: karibu mtu mmoja kati ya watano hawezi kuinusa kabisa. Mkiwa watano mezani, huenda mmoja anawaona nyote wazushi, na wala hasemi uongo.

Na ule ukakasi, mdomo unapokauka kama umetafuna bibo la korosho? Hiyo ni tanini, na chai ya rangi iliyokolea inayo pia. Miaka ikipita tanini hushikana, zikawa nzito, zikazama. Kwa hiyo ukikuta mashapo chini ya chupa ya miaka 20, usimwite muuzaji mwizi. Ule ukali uliokuwa unakung'ata umelala pale chini.

Tazama rangi pia. Mwekundu ukizeeka hupauka, ukaelekea kwenye rangi ya tofali. Mweupe hufanya kinyume: unakolea, unakuwa dhahabu, halafu kahawia ya asali. Wakiishi miaka ya kutosha, mwekundu na mweupe wanakaribia kufanana!

Hili nimeliweka makusudi kwa watu wa Pwani. Wilaya ya Jura, Ufaransa, wana mvinyo wa manjano unaokaa pipani miaka 6 na miezi 3 bila kuongezwa hata tone, huku utando wa hamira umeufunika juu. Ukiunusa, jamani, ni uwatu! Si mfano wa maneno: sotoloni, kinachoupa uwatu harufu yake, ndicho kinachojitengeneza ndani ya mvinyo ule. Uwatu uleule mama anaochemshiwa akijifungua. Mvinyo huo hutiwa kwenye chupa ya sentilita 62 badala ya 75, na wenyeji hukwambia ndicho kinachobaki katika kila lita baada ya miaka yote ile ya kuvukiza.

Unadumu? Mwaka 2018 chupa moja ya mvinyo wa Jura wa mwaka 1774 ilinadiwa kwa zaidi ya yuro 100,000. Mwaka 1774! Marekani ilikuwa haijajitangazia uhuru.

Mafuta ya taa sasa. Riesling, mvinyo mweupe maarufu wa Ujerumani, ukiwa mpya hunukia ndimu na tufaha. Uache miaka kumi, ufungue: kibatari! Wapenzi wake hawalalamiki hata kidogo, wanaufuata kwa hiyo hiyo. Na Sauvignon Blanc mpya? Waonjaji huandika bila kuona haya: mkojo wa paka. Mara nyingi ni sifa. Mimi nimeunusa, na paka nimefuga, nakuhakikishia hawajakosea.

Lakini usiwaogope hao waonjaji. Mwaka 2001 ilichapishwa habari ya wanafunzi 54 wa elimu ya mvinyo, Bordeaux, waliopewa mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na ladha. Wakaunusa, wakauandika kwa maneno ya mvinyo mwekundu! Macho yaliipokonya pua kazi yake.

Bei nayo inaonja. Mwaka 2008 watafiti wa Marekani waliwapa watu mvinyo uleule mmoja mara mbili: mara ya kwanza wakaambiwa ni wa dola 10, mara nyingine dola 90. Wa dola 90 ukawa mtamu zaidi, na mashine ya kupima ubongo ikaonyesha kweli walifurahia zaidi. Hawakuwa wanajikweza. Basi mgeni akija kwako, tupa risiti kabla hajaiona. Au kama ni kubwa, isahau mezani.

Subiri, tushuke kwenye ukale wenyewe. Mvinyo una miaka mingapi duniani? Kule Georgia, nchi ya milima ya Caucasus, vigae vya mitungi vimekutwa na alama za mvinyo wa miaka 8,000 iliyopita. Na mpaka leo Wajojia wanafukia mitungi mikubwa ya udongo ardhini, wanatia zabibu humo, wanafunika.

Unadhani lebo ni mambo ya kisasa? Kaburi la Tutankhamun lilipofunguliwa mwaka 1922, mitungi ya mvinyo ilikutwa imeandikwa mwaka wa mavuno, shamba ulikotoka na jina la fundi aliyeutengeneza. Miaka 3,300 iliyopita! Zipo chupa leo dukani hazikwambii hata nusu ya hayo.

Na ile arusi ya Kana ya Galilaya unayoijua tangu utotoni, maji yalipogeuzwa mvinyo, umewahi kupiga hesabu? Mabalasi sita, kila moja nzio mbili au tatu. Hiyo ni lita 450 hadi 680 hivi, yaani chupa 600 hadi 900! Na mkuu wa meza akatoa maoni ya muonjaji palepale: kwamba kwa kawaida mzuri hutangulia, hapa umekuja mwisho.

Sasa nisikilize vizuri, hii ndiyo naipenda kuliko zote. Mwaka 1540 Ulaya ilipigwa na jua kali na ukame, na zabibu za Würzburg, Ujerumani, zikawa tamu ajabu. Mvinyo wake ukatunzwa pipani, baadaye ukahamishiwa kwenye chupa. Mwaka 1961, London, chupa ikafunguliwa mbele ya mwandishi Hugh Johnson na wenzake. Miaka 421! Na ulikuwa bado mvinyo, bado hai. Wakameza mafunda mawili hivi. Kisha hewa ikaufikia, ukawa siki machoni pao, ndani ya glasi. Umesubiri karne nne, ukaishi dakika chache. Hebu fikiri kama mmoja wao alikuwa ametoka kwenda kujibu simu.

Umepumua? Haya, majini. Mwaka 2010 wapiga mbizi walikuta chupa 168 kwenye meli iliyozama bahari ya Baltiki, karibu na visiwa vya Åland. Shampeni, ya miaka 170 hivi, imelala gizani kwenye maji baridi kama friji. Ilipofunguliwa, pua za kwanza zilinusa jibini na nywele za mnyama aliyelowa. Wakazungusha glasi, wakasubiri: ikaja harufu ya viungo, moshi na ngozi. Na sukari? Gramu 150 hivi kwa kila lita. Soda yako ya kola haifiki hapo! Ndivyo mabwana wa karne ya 19 walivyoipenda.

Shampeni hiyo ni hatari, ujue. Ndani ya chupa mna mgandamizo wa hewa kama mara sita ya hewa tunayopumua, zaidi ya tairi la gari lako mara mbili na ushei. Zamani chupa zilikuwa zinapasuka zenyewe, na wafanyakazi wa maghalani walivaa barakoa za chuma usoni. Za chuma! Na ukimimina glasi moja, mtaalamu wa Kifaransa Gérard Liger-Belair amekadiria inatoa mapovu kama milioni moja.

Kizibo unakitupa tu? Mti wa kizibo husubiriwa miaka 25 ndipo ubanduliwe gome mara ya kwanza, kisha kila baada ya miaka 9. Na magome mawili ya mwanzo hayafai kwa chupa. Piga hesabu: miaka 43! Ukiupanda mwanao akizaliwa, atakuwa mtu mzima mwenye mvi za kuanzia ndipo apate kizibo kimoja cha maana.

Kizibo hichohicho kinaweza kuuharibu mvinyo ukanuka kama boksi lililoloa mvua. Mkosaji anaitwa TCA, na pua yako inamkamata kwa kiasi cha kushangaza: tone moja ndani ya bwawa la kuogelea la Olimpiki linatosha na kuzidi. Ukiinusa, rudisha chupa. Si ushamba wako.

Majina ya chupa kubwa utayakuta kwenye Biblia. Yeroboamu, Methusela, wote wapo. Methusela ni lita 6, chupa za kawaida 8. Nebukadneza ni lita 15, chupa 20! Huyo humimini peke yako, unaita vijana wawili.

Na neno lenyewe "mvinyo"? Tumelichukua kwa Wareno, na "pipa" pia. "Zabibu" ni Kiarabu, na kwa Mwarabu zabibu ni ile iliyokaushwa tu. Sisi tukaipa jina hilo hata ikiwa bado mtini!

Umefika angani? Mvinyo umefika. Novemba 2019 chupa 12 za mvinyo wa Petrus wa mwaka 2000 zilipelekwa kituo cha anga za juu, zikakaa miezi 14 zikizunguka dunia. Waonjaji 12 wa Bordeaux walipoulinganisha na uliobaki chini, wengine waliuona kama umezeeka mwaka mmoja hadi mitatu zaidi. Hata huko juu hakuna ujana wa bure.

Na bei za mnadani je? Mwaka 2018 chupa ya Romanée-Conti ya 1945 ilifika dola 558,000 na kuvunja rekodi ya wakati huo. Zilitengenezwa chupa 600 tu mwaka ule wa 1945. Ukigawa, kijiko kimoja cha chai ni dola 3,720! Usikohoe ukiwa nacho mdomoni.

Pesa hizo huvuta wajanja. Rudy Kurniawan alikuwa akichanganya mvinyo wa kawaida nyumbani kwake California, anabandika lebo za wakongwe, anauzia matajiri. Alinaswaje? Alileta mnadani mvinyo wa Clos Saint-Denis wa mwaka 1945, wenye lebo ya familia ya watengenezaji mvinyo iitwayo Ponsot. Familia ya Ponsot ilianza kuutengeneza mvinyo huo miaka ya 1980! Mwaka 2014 akafungwa miaka 10.

Sasa rudi kabatini kwako. Je, wajua kwamba mvinyo mwingi mno duniani hutengenezwa ili unywewe ndani ya mwaka mmoja au miwili? Kuuweka hakuupi cheo. Unapenda ubaridi wa nyuzi 12 au 13 hivi, na kabati la Dar es Salaam mwezi Februari ni jiko. Ile chupa ya arusi unayoitunza juu ya friji tangu 2011, samahani ndugu yangu, imeshapikwa.

Isipokuwa moja! Madeira, kutoka kisiwa cha Wareno, unapenda joto kama samaki apendavyo maji. Zamani mapipa yalisafirishwa kwa meli kupita ukanda wa joto, yakarudi, na waliorudi nao wakakuta umekuwa mtamu zaidi. Siku hizi watu hawasumbuki na meli: baadhi hupashwa moto wa nyuzi 45 na zaidi kwa miezi 3. Ukishafungua chupa, inakungoja miezi. Kama kuna mvinyo ulioumbwa kwa ajili ya kabati la Dar, ndio huo.

Na mpya? Nenda Dodoma. Mzabibu wa Ulaya hulala baridi ikija, kwa hiyo unavunwa mara moja tu kwa mwaka. Dodoma hakuna baridi ya kuulaza. Mkulima ndiye mwenye saa, na saa yake ni mkasi wa kupogolea. Anakata, mzabibu unachipua, anavuna mara mbili kwa mwaka mmoja! Chupa mbili kutoka shamba moja zinaweza kuwa na mwaka uleule lakini mavuno tofauti. Zinunue zote mbili, zionje usiku mmoja, uniambie ipi ni ipi. Pua umeshafundishwa.

Kabla hujainuka, moja ya mwisho. Jumba la makumbusho la Speyer, Ujerumani, lina chupa ya kioo iliyotolewa kwenye kaburi la Kirumi mwaka 1867. Ndani yake bado mna kimiminika, miaka 1,700 hivi tangu kitiwe. Waliozika walimimina mafuta ya zeituni juu ya mvinyo, wakaziba kwa nta, hewa ikakosa njia. Wataalamu wamebishana kwa miaka kama waifungue au waiache. Mpaka leo hakuna aliyeinusa.