Je, Wajua? Taa Iliyopata Chini ya Sifuri

Taa ya sodiamu ya shinikizo dogo, ambayo kwa miaka mingi ilimulika barabara za Uingereza, hupata alama chini ya sifuri katika kipimo cha uaminifu wa rangi, ambacho ukomo wake ni 100. Nuru yake ni manjano matupu. Gari jekundu chini yake huonekana limesawijika.

Balbu ya kale ya waya, ijapokuwa nayo yaelekea umanjano, hukaribia 100, kwani hulinganishwa na nuru ya jinsi yake, wala si jua la adhuhuri.

Ajabu zaidi, alama hiyo ni wastani wa rangi 8 zisizokoza. Nyekundu iliyokoza, ambayo ni ya 9, haihesabiwi! Basi muuza nyama anunuapo taa na aulizie alama ya rangi hiyo, yaani R9.