Duka la Vitabu Nalo ni Baraza

Mwaka 2021 Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja, alitunukiwa Tuzo ya Nobeli ya Fasihi, na visiwa vyetu vikashangilia. Mwaka uliofuata riwaya yake Paradise, iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1994, ikatolewa kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Tunawauliza wasomaji wetu: ni wangapi kati yenu mliokiona kitabu hicho dukani, mkakishika na kufunua kurasa mbili tatu kabla ya kuuliza bei?

Tunahofu kuwa ni wachache. Maduka ya vitabu yamezidi kuadimika, na yaliyosalia aghalabu huishi kwa vitabu vya shule na madaftari, au kwa ramani na postikadi za wageni. Hatuwalaumu wenye maduka. Kitabu hukaa rafuni miezi, faida yake ni ndogo, ilhali kodi ya mlango wa Mji Mkongwe hufuata mfuko wa mtalii. Mwenye vinyago hulipa. Mwenye riwaya hufunga. Tena vitabu vyenyewe huvuka bahari: Haini (2003) na Mbali na Nyumbani (2013), vyote vya Adam Shafi wetu, vilichapishwa Nairobi.

Lililopotea si biashara tu. Muuzaji vitabu wa kweli humjua mteja wake. Humwekea nakala chini ya meza, humwambia hiki hutakipenda, chukua kile. Wateja wawili wasiojuana hukutana mbele ya rafu moja. Mmoja amsifu Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, wa pili ashikilie kuwa Kuli ya mwaka 1979 haina mfano, na mabishano yakahamia kwenye kahawa. Simu haina mabishano ya namna hiyo. Humletea mtu kitabu kilichonakiliwa kwa wizi, mwandishi asipate hata senti, naye msomaji akakisoma peke yake, kama atakimaliza.

Simu tusiikufuru, kwani ndiyo inayotuunganisha na jamaa zetu wa Muscat na London. Walakini, pita jioni katika vichochoro vyetu uwatazame vijana barazani: wamekaa bega kwa bega, kila mmoja ameinamia kioo chake. Pale Jaws Corner mazungumzo yangalipo, alhamdulillahi, ingawa wanaozungumza wengi wao wana mvi.

Kwa maofisa wahusika tuna ombi, nalo si la fedha nyingi. Serikali inamiliki majumba mengi katika Mji Mkongwe. Vipi chumba kimoja cha chini kisikodishwe kwa kodi nafuu kwa mtu atakayeuza vitabu vya Kiswahili, kwa sharti kwamba aweke benchi na asikigeuze kuwa duka la vinyago? Na maktaba za skuli zinaponunua riwaya, zinunue kwake, ili apate mauzo ya uhakika ya kumvusha miezi mikavu.

Pemba isisahauliwe, kama ilivyo desturi yetu mbaya. Mkaazi wa Wete anayetaka riwaya mpya humwagizia jamaa anayekwenda Dar es Salaam, akangoja arudi. Mlango mmoja Mji Mkongwe na mwingine Chake Chake ungetosha kwa kuanzia.