Wawili Dubai kwa Bonasi ya Chai: Gawa Pesa Kabla ya Shawarma ya Kwanza

Bonasi ya chai ikishaingia kuelekea mwisho wa mwaka, wanandoa wengi Nyamira huwa na maswali mawili mezani. La kwanza ni karo ya Januari. La pili ni la wale waliovumilia miaka wakitazama picha za wengine mtandaoni: mbona na sisi tusitoke kidogo?

Dubai huja midomoni haraka. Kutoka Nairobi ni kama saa tano kwa ndege. Kati ya Novemba na Machi jua lake halichomi sana. Na watu wengi huku kwetu, kuanzia Kebirigo hadi Nyansiongo, wana jamaa au jirani aliyewahi kufanya kazi Ghuba. Hata vyakula vya barabarani vina majina tunayoyajua: sambusa, kebabu, biriani.

Kazi yetu sisi ni pesa za simu, kwa hivyo tutakuonyesha upande huo: jinsi watu wawili wanavyoweza kutembea na kula vizuri siku tano, kisha warudi wapate karo iko palepale.

Karo kwanza, tiketi baadaye

Siku bonasi inapoingia, usiiache yote kwenye salio moja. Igawe siku hiyohiyo mafungu matatu: la nyumbani (karo, mbolea, matumizi ya nyanya anayebaki na watoto), la safari, na la dharura. Lile la nyumbani liweke kwenye akaunti ya akiba iliyofungwa mpaka Januari. Usipoliona kwenye salio, hutalihesabu ukiwa mbele ya duka la dhahabu.

Fungu la safari nalo likadirie kwa dirhamu, pesa ya kule. Tangu 1997 dirhamu imefungwa kwa dola: dola 1 ni dirhamu 3.6725. Maana yake ni kwamba shilingi ikiyumba kwa dola, inayumba kwa dirhamu pia. Januari 2024 dola ilikaribia Sh160, na dirhamu ikawa kama Sh44. Baadaye dola ilishuka hadi karibu Sh129, na dirhamu ikarudi kama Sh35. Shawarma ni ileile, lakini kwako bei imebadilika. Angalia bei ya siku kabla ya kukata shauri.

Kulipa ukiwa bado nyumbani

Hapa ndipo wengi huumia kabla hata ya kufika Keroka kupanda gari la Nairobi. Mtu anatangaza safari ya Dubai kwa bei ya kutupa, anataka "dipoziti ya haraka" kwa laini yake binafsi, kisha simu inazimwa.

Kampuni ya safari inayofanya kazi Kenya inapaswa kuwa na leseni ya Tourism Regulatory Authority. Iulizie. Lipa kwa Paybill au Till ya kampuni, na usome jina linalotokea kabla ya kuweka PIN. Likiwa ni jina la mtu usiyemjua, simama hapo. Na mtu akikuambia visa ya utalii itakusaidia kupata kazi ukifika, huyo hauzi safari. Visa ya kutembea ni ya kutembea.

Hoteli na tiketi za kuingia mahali unaweza kulipia mtandaoni kwa kadi ya kidijitali iliyo ndani ya programu ya simu. Mfano ni Burj Khalifa, jengo la mita 828 lililofunguliwa 2010. Tiketi za kupanda ghorofa ya 124 na 125 huuzwa kwa saa maalum, na saa za jua kuzama ndizo ghali zaidi. Ukiwahi kuchagua saa ya kawaida, unaokoa pesa. Na kama bajeti imebana, kulitazama kutoka chini ni bure.

Jambo moja la kujua: hotelini utadaiwa pia ada inayoitwa Tourism Dirham, kati ya dirhamu 7 na 20 kwa chumba kila usiku kulingana na hadhi ya hoteli. Uliza kama tayari imo kwenye bei uliyolipa.

Simu ikivuka mpaka

Tuseme wazi: muuza shawarma wa Deira hana Till yako. Kutuma kwa nambari ya simu kama unavyomlipa muuza mahindi choma stendi ya Nyamira, huko haiwezekani. Utahitaji kadi au pesa taslimu.

Hata hivyo usiiache laini yako ya Kenya nyumbani. Washa huduma ya roming kabla ya kuondoka, kwa sababu namba za siri za kuthibitisha malipo ya kadi huja kwa SMS kwenye laini hiyo. Ndiyo pia utakayotumia kumtumia nyanya pesa ya maziwa. Uliza mapema gharama ya roming, na data uzime. Intaneti ya hoteli inatosha.

Badilisha kiasi kidogo tu uwanja wa ndege, cha kukufikisha hotelini. Maduka ya kubadilisha pesa mjini, hasa Deira, kwa kawaida yana bei nzuri zaidi. Tembelea mawili matatu, ulinganishe.

Siku moja Deira na Bur Dubai

Sasa tule. Asubuhi anzeni na karak, chai ya maziwa yenye iliki iliyokolea. Mtu wa Nyamira atakuwa na maoni makali kuhusu chai ya wengine, lakini kwa dirhamu 1 au 2 huwezi kulalamika sana. Kisha pandeni treni hadi kituo cha Al Ras, mtembee soko la viungo na soko la dhahabu. Kutazama hakulipiwi.

Kuvuka ghuba ndogo kwenda Bur Dubai kuna mashua za mbao ziitwazo abra. Nauli ni dirhamu 1 kwa mtu, na unampa nahodha mkononi. Ndiyo maana sarafu ni muhimu. Ng'ambo kuna mtaa wa kale wa Al Fahidi, wenye nyumba za minara iliyokuwa ikikamata upepo kabla ya umeme kufika.

Jioni tafuteni luqaimat, donge tamu za unga zinazokaangwa na kumwagiwa sharubati ya tende. Mkenya wa Pwani atakwambia hizo ni kaimati, na hajakosea, kwani hata jina limetoka huko.

Hesabu ya wawili, kwa makadirio yetu:

- Pasi ya siku nzima ya treni, mbili: dirhamu 40
- Abra, kwenda na kurudi: 4
- Karak nne: 8
- Shawarma nne: 40
- Luqaimat sahani moja: 15
- Maji: 5

Jumla ni dirhamu 112, yaani kama Sh3,920. Kwa siku tano ni Sh19,600. Hakuna kitu hata kimoja hapo kilichoonekana ghali, na ndiyo maana watu hushtuka mwishoni.

Treni ina faini zake pia. Kula au kunywa ndani ni dirhamu 100. Baba akimfuata mama kwenye behewa la wanawake na watoto, lenye alama ya waridi, ni dirhamu 100 nyingine. Faini moja kama hiyo ni shawarma kumi.

Mashine ikikuuliza "shilingi au dirhamu?"

Ukilipa kwa kadi, au ukitoa pesa kwa ATM, mashine inaweza kukuuliza kama unataka kukatwa kwa shilingi za Kenya. Inapendeza kuona pesa ya kwetu, lakini chagua dirhamu. Ukichagua shilingi, bei ya kubadilisha inapangwa na upande wa mashine, na mara nyingi huwa imeongezwa faida juu yake. Kama muuzaji amekuchagulia bila kukuuliza, mwombe afute na aanze upya.

Wawili, mfuko mmoja

Msibebe pesa zote kwenye simu moja. Mmoja awe na kadi kuu, mwingine awe na ya akiba, na pesa taslimu mgawane. Simu moja ikipotea, mtapiga huduma kwa wateja kwa nyingine na laini ifungwe mara moja. PIN ya kila mtu ibaki yake.

Kila usiku kabla ya kulala, tumieni dakika tano kusoma jumbe za malipo ya siku. Mlikubaliana dirhamu 112, mmetumia 150? Basi kesho ni ufukweni, ambako kuna fukwe za umma za bure, na duka la manukato litasubiri. Ni rahisi kuongea hayo jioni ya pili kuliko kuyagombania mkiwa Narok njiani kurudi nyumbani.

Dirhamu zitakazobaki zibadilishe kabla ya kupanda ndege, noti kwanza kwa sababu sarafu ni ngumu kubadilisha. Sarafu mbili tatu wapelekee watoto. Akiba ya karo itafunguka Januari, kabla shule hazijafunguliwa.